Kina cha Gwezan

Tavga binti Rasul alikuwa mwoga, na mtaa mzima pale Suleimaniya ulilijua hilo. Aliogopa mbwa, aliogopa lifti, aliogopa hata jiko la gesi, akiliwasha hugeuza uso pembeni kama anayetemewa mate. Mdogo wake Rebin alikuwa akimtania kwamba angezaliwa kondoo angekufa kabla ya Idi, kwa kuiwazia tu. Basi ajabu ya Mungu ni kwamba mwoga huyu ndiye aliyekuwa akiwaambia wanaume wa mitambo watoboe wapi, na huko chini watakuta nini.

Miaka ile kampuni ndogo ndogo za mafuta zilimiminika Kurdistan, kila moja na kipande chake cha mlima na matumaini yake. Kampuni ya Befrin, iliyomwajiri Tavga, ilikuwa moja ya hizo. Haikuwa imetoa hata ndoo moja ya mafuta. Sasa kampuni isiyo na mafuta utaipimaje kama ina kesho? Unamtazama jirani. Upande wa mashariki kulikuwa na visima vya Gwezan, magharibi vya Chamrash, vyote vikitoa mafuta mchana na usiku, na mlima wa Befrin umekaa katikati yao. Tavga alipewa mafaili ya majirani hao wawili, akakaa nayo miezi mitano, akaandika ripoti. Ripoti ikasema matumaini yapo, tena makubwa. Wenye kampuni wakaibeba kuwaonyesha wanunuzi wa kampuni yenyewe. Wachimbaji nao wakachukua humo jambo moja wanalolihitaji kuliko yote: kina. Kwamba gesi mbaya, ile yenye nguvu na sumu, inayonuka mayai viza na kuua kabla hujamaliza kuinusa, itakutwa mita elfu tatu mia mbili na sabini. Kwa hiyo wakapanga kushusha bomba nene la chuma na kuligandisha kwa saruji wakifika elfu tatu mia mbili, ndipo watie kisimani tope zito la kuikandamiza gesi isipande, na kuiendea. Kabla ya hapo, tope jepesi linatosha.

Na kwenye mtambo huo, zamu ya mchana, alikuwako Rebin.

Rebin hakuwa mdogo wake tu. Mama yao alifariki siku ya kumzaa, mwaka ule walipotolewa kwa nguvu Kirkuk na kupakiwa kwenye lori pamoja na magodoro yao. Tavga alikuwa na miaka kumi na minne. Alimlea yule mtoto kwa maziwa ya mbuzi na kwa hofu, akimwamsha usiku kuhakikisha anapumua. Posa zilipokuja alisema subirini kwanza huyu aanze shule. Alipoanza shule, posa zikawa hazibishi hodi tena. Na kazi ya mtambo ni yeye aliyemtafutia. Alijisemea heri awe pale ambapo mimi najua chini kuna nini.

Baba yao, Mzee Rasul, alikuwa amefanya kazi ya mafuta Kirkuk miaka thelathini. Kazi yake ilikuwa kupima mabomba ya kuchimbia, moja baada ya jingine, kwa utepe wa chuma, na kuandika urefu wake kwa chaki kabla halijashuka kisimani. Kazi hiyo ilimwachia ugonjwa mmoja. Ukimwambia kitu chochote chenye namba, anakuuliza umepima kutoka wapi. Ukimwambia Halabja ni mwendo wa saa moja na nusu, kutoka wapi? Ukimwambia theluji imefika magotini, kutoka wapi, barazani au barabarani? Mposaji mmoja wa Tavga alijisifu kwamba ukoo wao una vizazi tisa vya masheikh. "Umehesabu kutoka wapi?" akauliza mzee, na yule bwana hakurudi tena. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Tavga hakucheka sana.

Asubuhi ninayoisimulia ilikuwa ya mwezi wa pili, theluji bado iko vilimani. Walikuwa wamekaa chini kwenye zulia, mkate wa moto, mtindi, chai nyeusi katika vikombe vidogo vya kioo. Mzee alikuwa akichovya mkate huku akimuulizia mwanawe.

"Wamefika wapi hao watoto?"

"Saa kumi na mbili walikuwa elfu mbili mia nane kumi na tano, baba. Wanakwenda mita kumi kwa saa."

"Na gesi?"

"Bado mbali. Elfu tatu mia mbili sabini."

"Kutoka wapi?"

Tavga akatabasamu. Swali hili alilizoea kama kikohozi cha baba yake. "Kutoka mezani, baba. Pale pale anaposimama Rebin."

"Haya. Na umejuaje?"

"Kwa majirani. Gwezan waliikuta elfu mbili mia nane arobaini."

"Na hao wa Gwezan, walipima kutoka wapi?"

Tavga akakirudisha kikombe chini kabla hakijafika mdomoni.

Labda niseme hapa, maana mtu asiye wa kazi hii atajiuliza kuna nini cha kushtusha. Wachimbaji hupima kutoka meza ya mtambo, sakafu wanayosimama juu yake, maana ndipo bomba linapoingilia. Watu wa ramani hupima kutoka usawa wa bahari, ili kisima cha kilima hiki kilingane na cha kilima kile. Mlima wa Befrin uko mita mia nne na thelathini juu ya bahari. Namba ikiwa ni ya bahari, unaongeza kimo cha mlima ndipo uwape wachimbaji. Namba ikiwa ni ya mezani, inabidi kwanza uondoe kimo cha kilima cha jirani. Ukichanganya, umekosea kwa kimo cha kilima kizima.

"Ya bahari," alisema Tavga. "Nafikiri ya bahari."

"Unafikiri," alisema mzee, akaendelea kuchovya mkate wake.

Tavga hakumaliza mkate. Alivaa koti akatoka, kilemba kakifunga upande. Saa mbili kamili alikuwa ofisini amelifungua faili la Gwezan. Lilikuwa nakala ya nakala, maandishi yamefifia, na kurasa zikianzia ya pili. Ukurasa wa kwanza, ambako huandikwa kipimo kinaanzia wapi, haukuwako. Wala haukuwahi kuwako. Alikumbuka vizuri siku aliyoligundua hilo, mwaka uliopita, akajiambia atauulizia. Halafu akaona Chamrash wameandika wazi kabisa kwamba wao wanapima kutoka baharini, na gesi yao iko elfu mbili mia nane. Gwezan elfu mbili mia nane arobaini. Namba zikakaa pamoja kama mapacha. Akaona raha, akasahau kuulizia.

Akachukua kalamu. Ikiwa Gwezan walipima mezani, kilima chao ni mita mia tatu tisini. Ondoa hizo, ongeza mlima wa Befrin. Akapata elfu mbili mia nane na themanini.

Aliifanya hesabu mara tatu, kama kwamba ingemhurumia. Muda ule Rebin na wenzake walikuwa elfu mbili mia nane thelathini na tano. Zilibaki mita arobaini na tano, na tope lao jepesi, na bomba la chuma bado limelala chini juu ya magogo. Gesi ikipanda hapo hakuna cha kuizuia. Na gesi ile ni nzito kuliko hewa, ikishatoka huteremka kama maji, na bondeni chini ya mtambo kulikuwa na kijiji cha Darbaru, nyumba sitini na shule.

Simu ilikuwa mezani mbele yake. Namba ya mtambo ilikuwa imebandikwa ukutani.

Hapo ndipo hofu ilipomshika, na msidhani ni hofu moja. Walikuwako wanaume ofisini mle waliomwita Mama Ramani, waliosema mwanamke hawezi kusoma mwamba kwa sababu hawezi kusoma hata barabara. Walikuwa wakisubiri siku kama hii. Asimamishe mtambo mzima kwa simu, halafu ionekane Gwezan walipima kutoka baharini tangu mwanzo? Angechekwa mpaka Erbil. Na kama hakukosea kushtuka, basi alikosea kuandika, na sahihi iliyo kwenye ripoti ni yake peke yake. Pande zote mbili aliona aibu. Akajiambia, ngoja nipate uhakika kwanza. Mtu mzima hasemi jambo asilo na uhakika nalo. Si lilisikika vizuri hilo?

Akampigia Sarkawt, waliyesoma naye chuoni, ambaye alikuwa mhandisi huko Gwezan kisima kile kilipochimbwa. Simu iliita bila kupokewa. Akapiga tena. Saa tatu na robo akapokea.

"Bibi Tavga, leo jua limetoka wapi? Mwaka mzima hata salamu."

"Samahani kaka. Watoto hawajambo? Nina swali dogo. Kile kisima chenu cha kwanza, kina chake kilipimwa kutoka wapi?"

"Loo. Hata watoto hujasubiri niwajibie, unataka siri za kazini kwangu. Kuna nini?"

Angeweza kumwambia. Maneno yalifika ulimini. "Hakuna kitu," alisema. "Narekebisha tu ripoti, kuna mahali pamefifia."

"Kama ni kufifia, litasubiri. Naingia kikaoni. Nikitoka nitakupigia."

Akakata. Tavga alibaki ameishika simu sikioni. Angempigia tena. Angempigia Hazhar, mkuu wa mtambo. Badala yake alipanga kalamu, akapanga mafaili, akaenda chooni akanawa uso, akarudi. Kila baada ya dakika sita alijua bomba limeshuka mita nyingine. Alisoma aya zote za kinga alizojua. Alimwona Rebin mdogo, kalala chali na kinywa wazi, na yeye kaweka kiganja mbele ya pua yake kusikiliza pumzi. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Chai aliyoletewa aliimwaga juu ya ramani, na yule aliyeileta akamuuliza kama ana homa. Akasema ndiyo, kidogo.

Saa tano na nusu simu ikalia.

"Haya, dada yangu, lile swali lako," alisema Sarkawt, akitafuna kitu. "Kutoka mezani, bila shaka. Mzee aliyekuwa anaandika ripoti zetu hakutaka kusikia habari za bahari. Alikuwa akisema, bahari iko wapi huku kwetu? Nani kaiona?" Akacheka. Akasubiri na yeye acheke. "Tavga? Uko?"

Alikwisha kuinuka. Aliingia ofisini kwa Kaka Jamal, mkurugenzi, bila kubisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Jamal hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wanunuzi wanaofika kesho yake kuutazama mtambo ukizunguka, na kampuni nzima ilikuwa imening'inia kwenye ziara hiyo. Alimsikiliza, rangi ikimtoka usoni taratibu.

"Kwa hiyo ripoti yako si sahihi."

"Kina si sahihi. Mafuta yapo palepale. Gesi iko juu zaidi."

"Una hakika?"

"Sarkawt ameniambia sasa hivi."

"Sarkawt ni mtu wa kampuni nyingine. Unajuaje hataki tusimame?" Alijifuta jasho. "Sikiliza, dada. Wageni wakifika wakaukuta mtambo umelala, watauliza kwa nini. Nitawaambia nini? Kwamba mtaalamu wetu hakujua sakafu na bahari? Wape mpaka kesho jioni. Wachimbe polepole."

"Kesho jioni hawatakuwako, kaka."

"Usinitishe."

"Mimi ndiye ninayetishika hapa," alisema Tavga, na sauti ilimtoka nyembamba. "Wewe hujaanza."

Alirudi mezani kwake akazungusha namba iliyo ukutani. Saa sita kasoro dakika chache. Hazhar alipokea, na nyuma yake kulisikika mngurumo wa injini. Alikuwa mtu mnene wa maneno makali, mwenye kulaani watu wa ofisini kila siku kabla ya chakula.

"Mama Ramani mwenyewe. Leo mnataka nini, tupake mtambo rangi kwa ajili ya wageni?"

"Kaka Hazhar, simamisheni. Nimekosea. Gesi iko elfu mbili mia nane themanini."

"Nani amesema tusimame? Jamal?"

"Jamal amekataa. Nasema mimi. Niliandika bila kujua jirani kapima kutoka wapi. Nifukuzeni, nishitakini, lakini simamisheni kwanza."

"Tuko elfu mbili mia nane sabini na tano," alisema Hazhar polepole. Kisha akaondoa mdomo simuni, na Tavga akamsikia akipiga kelele kwa watu wake. Mngurumo ukapungua, ukapungua, mpaka akasikia upepo wa mlimani. Hazhar akarudi. "Miaka ishirini na mbili nafanya kazi hii, sijawahi kupigiwa simu na ofisi ikisema imekosea. Kama una wazimu tutajua baadaye. Hata ungesema unahisi tu, ningesimama."

Alipoweka simu chini akakaa sakafuni kati ya meza na ukuta. Humo ndimo Jamal alimomkuta.

Wageni walikuja wakaukuta mtambo umelala, wakaondoka wamekunja nyuso. Wiki mbili wachimbaji walishusha chuma, wakamwaga saruji, wakachanganya tope zito. Ndipo walipoanza tena, wamevaa vinyago vya hewa, na watu wa Darbaru wamehamishiwa ng'ambo ya kilima kwa siku hizo. Gesi waliikuta elfu mbili mia nane themanini na nne. Ving'ora vililia, tope likatikisika kisimani, likaishikilia. Hakuna aliyeumia hata kidole. Tavga aliachishwa kazi kwa barua ya mistari minne, akaipokea, akaona amepona kwa bei rahisi.

Mwisho wa wiki ya tatu Rebin alirudi nyumbani kupumzika. Tavga alipika dolma tangu alfajiri, majani ya mzabibu na vitunguu na mbavu za kondoo chini ya sufuria. Walikula mpaka wakashindwa. Rebin alisimulia ving'ora, akamwigiza Hazhar na kinyago chake, mzee akacheka hadi kikohozi kikamkaba. Rebin akambusu dada yake kichwani. "Huyu mwoga," alisema, "kaniokoa."

"Nyamaza wewe," alisema Mzee Rasul, akijifuta machozi ya kicheko. "Aliyekuokoa ni mimi. Mimi ndiye niliyeuliza. Tulikuwa tumekaa hapa hapa kwenye chai, nikamwambia hao wa Gwezan wamepima kutoka wapi? Akatoka mbio, hata mkate hakumaliza."

Rebin alikuwa bado anatabasamu. "Chai ya saa ngapi, baba?"

"Ya asubuhi. Saa moja, moja na nusu."

Tavga akaanza kukusanya sahani.

"Acha sahani, dada," alisema Rebin. Alitia mkono mfukoni akatoa kijitabu chenye madoa ya grisi. Vijana wa mtambo wote huwa nacho, huandika humo kina kila saa inapogonga. Yeye alifundishwa na baba yake kabla hajaajiriwa. Alifunua kurasa kwa kidole gumba mpaka akaiona siku ile. "Saa mbili, mia nane thelathini na tano. Ulikuwa umeshafika ofisini saa mbili?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa umeshajua?"

"Sikuwa na uhakika. Ukurasa haukuwako. Ilibidi nimuulize mtu."

"Saa tatu, mia nane arobaini na tano. Saa nne, hamsini na tano. Saa tano, sitini na tano." Alisoma bila hasira, kama baba yake alivyokuwa akisoma mabomba. "Ulipiga simu saa sita. Zilibaki mita tisa, dada. Chini ya saa moja. Mwenzangu Alan alikuwa ameshapanda juu ya mnara wa mtambo, mimi nilikuwa mdomoni mwa kisima. Hazhar alituambia angesimama hata kama ungesema unahisi tu. Tungekunywa chai kwa muda wa saa nne, ukakuta umekosea, tukakucheka, basi."

Mzee Rasul aliacha kutabasamu. Akamtazama binti yake, akatazama zulia.

"Nilikuwa naogopa," alisema Tavga.

"Ulikuwa unaniogopea mimi?"

Alitaka kusema ndiyo. Usiku wote wa maisha ya mtoto yule, kiganja mbele ya pua yake; nani angemkatalia? Lakini kijitabu kilikuwa wazi pale kati ya sahani, na alijua vizuri saa zile nne alizihesabu kutoka wapi.

"Si wewe," alisema. "Nililiogopea jina langu."

Rebin alitikisa kichwa taratibu. Alifunga kijitabu akakirudisha mfukoni, akainuka, akaenda mlangoni kuvaa viatu vyake. Likizo yake ilikuwa na siku sita zaidi, lakini basi la kwenda mlimani lilikuwa linaondoka saa tisa, naye alilipanda.